Magamba Juu ya Madawati

Kuna swali moja ambalo nikilisikia darasani damu hunichemka. Mwalimu ameandika ubaoni, amekung'uta chaki mikononi, amegeuka, anauliza: "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia kwa wimbo uleule, kuanzia Kendu Bay hadi Mbita: "Ndiyo, mwalimu!" Mwalimu anaridhika, anafuta ubao, anaenda zake kunywa chai. Hajauliza chochote, na hajajibiwa chochote. Mimi huwa nimeketi nyuma, kwenye dawati la mtoto, magoti yakinigusa kidevu, kwa sababu kazi yangu siku hizi ni kuzunguka shule za Homa Bay nikiwatazama walimu wenzangu wakifundisha, kisha tuketi tuzungumze. Mume wangu husema serikali inanilipa mshahara kusikiliza ndiyo.

Nikiisikia hiyo ndiyo, hulitamani darasa langu la zamani la Muhuru Bay. Nalitamani kama mtu anavyotamani chakula cha kwao, na sioni haya kusema. Lilikuwa darasa la vumbi, madirisha hayana vioo, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ikianikwa iliingia bila hodi kuanzia asubuhi. Mimi ni Mkuria, nilizaliwa huko juu mpakani, kwenye ng'ombe na mahindi, na wiki yangu ya kwanza pale ufukweni nilifundisha huku nimebana pua. Dholuo yangu, lugha ya Waluo wa pale, ilikuwa ya kuokoteza. Watoto walinicheka kwa adabu, wakiinamia madaftari yao.

Kitu cha kwanza nilichojifunza pale ni kwamba watoto wa ufuoni huhama. Samaki wakipungua upande huu, baba anasikia kwamba kisiwa fulani kinatoa, na familia nzima inapakia godoro, sufuria na nyavu kwenye boti. Mtoto anaweza kuwa wa kwanza kunyoosha mkono Ijumaa, na Jumatatu dawati lake lina mtu mwingine aliyetoka Tanzania. Mwalimu mkuu wetu, Mkatoliki mcheshi aliyependa suti hata kwenye jua, alikuwa akisema tunafundisha abiria. Alisema kwa mzaha, lakini mimi neno hilo lilinikaa. Mtihani wa mwisho wa muhula ni wa watoto watakaokuwepo mwisho wa muhula. Kwa wengine, ukitaka kujua wamejifunza nini, ni leo, kabla kengele haijalia, ili kesho uwafundishe kile walichokosa.

Kusema hivyo ni rahisi. Nitakuambia nilivyogundua kwamba sikuwa nafanya.

Katika Gredi ya Tatu nilikuwa na msichana aliyekuja na bibi yake na baba yake, mama akiwa ameshafariki. Alikuwa mpole, nadhifu, kola ya sare yake imepigwa pasi hata kama sare yenyewe ilikuwa na viraka. Nikimwita asome, alisimama akasoma bila kukwama, kwa sauti nzuri kuliko yangu. Siku hiyo tulikuwa na hadithi ya mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Akasimama, kidole chini ya maneno, akaanza. Upepo wa ziwani, ambao mchana huwa hauombi ruhusa, ukaingia dirishani ukageuza kurasa za kitabu chake, moja, mbili, mpaka kwenye picha ya soko. Msichana akaendelea. Kidole kilitembea chini ya bei za nyanya, na mdomo ukaendelea kumsimulia mbuzi, neno kwa neno, mpaka mbuzi akavuka mto.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeona ila mimi. Nilimwambia aketi. 

Wakati wa mapumziko nilimwita, nikamfungulia ukurasa, nikamwonyesha neno moja fupi. "Unalijua hili?"

"Ndiyo, madam."

"Ni neno gani?"

 Akatazama vidole vya miguu yake.

"Hulijui?"

"Ndiyo, madam."

Ningeweza kukasirika, na mimi hasira huwa siitafuti mbali. Lakini mtoto huyu hakuwa mwongo. Pale ufukweni, na hata kwetu mlimani, mtoto hamwambii mkubwa kwamba hajaelewa. Kumwambia hivyo ni kama kumwambia: umesema vibaya, rudia. Mtoto mwenye malezi mazuri huitikia ndiyo, kisha huenda kumuuliza mwenzake uani. Ukuta wa shule yetu ulikuwa umechorwa kwa rangi ya buluu, herufi kubwa, Kuuliza si ujinga, na chini ya maandishi hayo nimewaona watoto wengi wakizomewa kwa kuuliza. Yule msichana alikuwa amelelewa vizuri mno. Adabu yake ndiyo iliyokuwa ikimnyima kusoma.

Dawa niliipata kwenye mchezo wao. Mawimbi ya pale hutupa ufukweni magamba ya chaza wadogo, nje yana rangi ya matope, ndani meupe yanayong'aa. Wakati wa mapumziko watoto walikuwa wakiyarusha juu na kupiga kelele kabla hayajaanguka: "Tumbo!" "Mgongo!" Tumbo ni ule upande mweupe. Nikawaambia kila mmoja aniletee gamba lake, lililooshwa, bila harufu. Nikawapa sheria. Gamba linakaa kwenye kona ya dawati. Ukiwa sawa, tumbo juu. Ukiwa umekwama, mgongo juu. Husemi kitu, hunyooshi mkono. Mimi nikiona mgongo, nakuja.

Siku ya kwanza nilieleza somo, nikasema, "Haya, magamba." Darasa zima likawa tumbo juu, weupe mtupu kama omena zilizoanikwa. Nikawauliza swali jepesi kuhusu kile nilichotoka kueleza, na wote wakanitazama kama niliyeuliza kwa Kichina. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mwalimu mkuu alipita dirishani, akachungulia, akasema, "Madam, naona sasa una darasa la ajabu, wote ni maprofesa," akaenda zake akicheka peke yake. Nilitamani kuyatupa yale magamba ziwani, pamoja na suti yake.

Kilichotuokoa ni omena. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini omena hufuata taa za wavuvi badala ya kuzikimbia. Sikujua. Mkuria gani anajua mambo hayo? Nilitaka kusema tutaliangalia kesho, ile kauli ya walimu ya kuficha ujinga, lakini macho yangu yakaangukia gamba langu, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu kwenye meza. Nikaligeuza, mgongo juu.

 Kisha sauti ikatoka nyuma, "Madam hajui!" na kicheko kikalipuka, nami nikacheka nao hadi machozi. Nikawaambia ndiyo, sijui, nani atakuja kunisaidia? Walikuja karibu wote, kila mmoja na nadharia yake, nyingine za uongo mtupu. Siku iliyofuata kulikuwa na migongo miwili mitatu juu ya madawati. Wiki iliyofuata ilikuwa mingi hata nikachoka kutembea.

Namna yangu ya kufundisha ilibadilika, tena bila mbwembwe. Magamba yakionyesha migongo mingi, sikusonga mbele hata kama ratiba ilinifokea. Migongo ikiwa michache, niliwahamisha wenye tumbo juu wakae na wenzao, nami nikachuchumaa na wale waliobaki nyuma kabisa. Jioni sikuhitaji kukisia nitaanzia wapi kesho. Nilijua nani amekwama kwenye silabi na nani amekwama kwa sababu hakula. Hiyo ndiyo furaha ninayoitamani mpaka leo. Watu hudhani mwalimu hufurahia kuheshimiwa, na kweli heshima ni tamu, lakini hakuna kitu kitamu kama kuambiwa ukweli na mtoto.

Yule msichana wangu hakugeuza gamba lake. Siku za kwanza alilifumbata kwenye kiganja, hakuliweka kabisa. Baadaye akapata ufa kwenye dawati, akalisimamisha humo kwa ubavu, si tumbo wala mgongo. Nilipita mara nyingi nikijifanya sioni. Roho ilinisukuma nimsemeshe, nikaishika. Mtoto ambaye amejificha vizuri vile ukimfukuza atajificha zaidi.

Kisha asubuhi moja nililiona limelala, mgongo juu, na mkono wake uko karibu nalo kana kwamba anataka kuligeuza tena. Nikaenda polepole, nikachuchumaa kando yake.

"Pok," akanong'ona. Bado.

"Wapi, nyathina?" Mwanangu.

Akaweka kidole kwenye neno la kwanza kabisa la ukurasa, kisha akakishusha taratibu hadi neno la mwisho.

Niliinama nikajifanya nafunga kiatu, kwa sababu machozi yalinijia na sikutaka ayaone akadhani amenikosea.

Tukaanzia hapo, ma na mi na mo, wakati wenzake wakila chakula cha mchana. Alikuwa na kichwa kizuri. Mtoto aliyeweza kukariri kitabu kizima kwa kusikia hakukosa akili, alikosa mtu wa kumwambia kwamba hajui. Nikadhani tuna mwaka mzima mbele yetu.

Bibi yake ndiye aliyeniondolea ndoto hiyo. Alikuja shuleni kabla ya saa nne, amevaa gauni lake la Sabato siku isiyo ya Sabato, Biblia kwapani, na nyuma yake mwalimu mkuu akija kwa hatua ndogondogo kama mtu anayetafuta kiti cha mbele kwenye sinema.

"Madam," bibi akasema mlangoni, "mimi ni mtu wa Sabato. Nyumba yangu hakuna mtu hupiga gagi. Sasa naskia huku shule mnafundisha mtoto wangu gagi."

Gagi ni zile kauri ambazo waganga wa jadi wa Waluo hurusha wakitafuta nani amemroga nani. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Mkuria mgeni ameleta magamba darasani, anayatazama yamelala vipi, kisha anajua mambo ya watoto wasiyoyasema. Ningekuwa mimi ni bibi, hata mimi ningekuja.

"Dani, karibu uketi," nikamwambia, nikimwita bibi kwa Kiluo. "Angalia kwanza, halafu ukitaka nitayatupa mbele yako."

Akaketi nyuma, Biblia mapajani, amekunja uso. Nikafundisha. Nikasema haya, magamba, na madawati yakalia ta-ta-ta. Mjukuu wake akatazama nyuma mara moja, akamwona bibi, na nikajua mambo yameharibika, ataweka tumbo juu ili asimtie bibi aibu. Akakaa vile kwa muda, gamba mkononi. Kisha akaliweka mgongo juu. Nikaenda, nikachuchumaa, tukasoma pamoja lile neno mpaka likatoka, naye akaligeuza mwenyewe.

Somo lilipokwisha bibi alinijia mbele.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, dani."

Akatikisa kichwa. "Mimi shule nilikaa nikisema ndiyo, ndiyo, mpaka nikaolewa." Akacheka, nami nikacheka, na mwalimu mkuu akaondoka akiwa amekosa sinema yake. Kisha bibi akashusha sauti. "Lakini madam, ufanye haraka na huyu. Baba yake anasema omena ya hapa imeisha. Tunavuka hiyo side ya Homa Bay, visiwa. Giza ya mwezi ikiingia, tutakuwa tumeenda."

Omena huvuliwa vizuri mwezi ukiwa haupo, kwa hiyo nilijua maana yake. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikiutazama mwezi kwa chuki. Ulikuwa umenenepa angani, kisha ukaanza kumong'oka, nami nikahesabu silabi zilizobaki. Hofu yangu haikuwa kwamba ataondoka hajamaliza kitabu. Kitabu kitamaliziwa popote. Hofu yangu ilikuwa kwamba atafika shule ya ugenini, mwalimu atauliza mmeelewa, na yeye, kwa adabu yake, ataitikia ndiyo na wengine, arudi kule alikotoka. Kusoma kwake kulikuwa bado kuchanga. Kungekufa kwa ndiyo chache tu.

Karibu na mwisho nilimwita asome mbele ya wenzake, hadithi ileile ya mbuzi. Alisoma kwa kukwama, silabi kwa silabi, sauti ile nzuri imevunjikavunjika. Wengine walishangaa, wakadhani amerudi nyuma. Upepo ukaja ukageuza ukurasa. Msichana akanyamaza. Akautazama ule ukurasa mpya, akatazama kidole chake, akainua macho.

"Madam," akasema, "upepo umenipotezea mahali."

Sijui kama nimewahi kusikia sentensi nzuri kuliko hiyo darasani. Nilitaka niiandike juu ya Kuuliza si ujinga.

Jumatatu moja dawati lake lilikuwa tupu. Wenzake wakaniambia wameenda jana na boti, na baba alikuwa na haraka. Nilitazama kwenye ufa wa dawati, nikapata vumbi. Ilinibidi nijaze tathmini yake ya muhula hivyohivyo, ile yenye viwango vya serikali, na mahali pa kusoma nikaandika anakaribia matarajio. Ndivyo alivyokuwa. Nikakaa na kalamu mkononi, watoto wakipiga kelele, na mimi sina hamu hata ya kuwanyamazisha.

Baadaye nilihamishiwa upande huu, nikafurahi kwa sababu mume wangu yuko Homa Bay, na kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Katika kila shule ya ufukweni niliyotembelea nilimuulizia. Ni kazi bure. Jina lake wanalo wasichana wote wa Kiluo waliozaliwa asubuhi, na watoto wa wavuvi hawaachi nyayo. "Mtoto wa bichi? Hao hupita tu, madam," walimu walinijibu, nami nikawachukia kidogo. Nilihesabu kimoyomoyo gredi yake kila mwaka, ya nne, ya tano, ya sita, nikichungulia madarasa hayo kabla ya yale niliyotumwa.

Muhula uliopita kazi ilinipeleka kisiwa cha Takawiri. Nilichelewa, boti kutoka Mbita ilikuwa imengoja mizigo ya soda, nikaingia darasani somo likikaribia kwisha na kuketi nyuma nikihema. Mwalimu alikuwa kijana wa kike, mchangamfu, akifundisha sehemu za namba. Alimaliza, akakung'uta chaki, akageuka. Nikakaza meno nikingoja lile swali.

"Haya," akasema.

Na madawati yakalia ta-ta-ta.

Nilisimama. Nilitembea kati ya madawati bila kuomba ruhusa, afisa mzima, nikitazama kona moja baada ya nyingine. Tumbo, tumbo, mgongo, tumbo, mgongo. Mwalimu alikuwa ameshachuchumaa kando ya mtoto wa kwanza. Nilimngoja mpaka watoto walipotoka nje, nikamuuliza. "Hii umeitoa wapi? Chuo?"

"Hapana, madam." Alidhani amekosea. "Kuna msichana alikuja hapa na bibi yake, wale watu wa kuhama. Niliuliza darasa kama wameelewa, wote wakasema ndiyo. Yeye akatoa gamba mfukoni, akaweka kwa desk. Nikamwambia atoe huo mchezo. Akaniambia, si mchezo, mwalimu. Ukiona mgongo, unakuja."

"Ukaenda?"

"Kwanza nilikasirika." Akatabasamu. "Halafu nikaenda."

"Alikuwa anasoma?"

"Alikuja akisoma pole pole, akikwama. Mwisho alikuwa anasomea wale wadogo hadithi. Na hakuwa ananidanganya, madam. Tumbo yake ilikuwa tumbo kweli."

Niliketi juu ya dawati. Nilimuuliza yuko wapi, ingawa jibu nililijua tayari. Akasema wamehama, ni muda sasa. Wengine wanasema wako kisiwa cha Remba, wengine wanasema wamerudi Muhuru Bay, kwamba omena ya huko imefufuka. Nililifikiria darasa langu, lile dirisha lisilo na kioo, na yeye akiingia mlangoni akitazama meza ya mbele.

"Gamba lake?"

"Alienda nalo."

Nilishuka ufukweni kungoja boti ya kurudi. Jua lilikuwa kali, akina mama wakigeuza omena kwenye nyavu, hakuna aliyenijali. Mawimbi yalikuwa yametupa magamba mengi, nikaokota moja, nikaliosha matope kwa maji ya ziwa. Nikaliweka juu ya goti langu, mgongo juu, nikaketi pale nikingoja.